Kikapu kinachoonekana kwa mwenye duka peke yake: uzoefu wangu na plagini niliyoilipia

Mama mmoja wa Mbeya alinipigia simu jioni moja, nadhani zilikuwa zimebaki kama wiki mbili kufika Krismasi, akaniuliza hata kabla hatujamaliza kusalimiana: "Mwanangu, hivi huko kwako mnauza au mnaonyesha tu?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akaendelea: "Nimeweka kimoja, nikaona moja. Nikaenda kuangalia vile vya rangi, narudi naona sifuri. Nikaweka tena, ikaja mbili. Nikigeuka, sifuri. Sasa hivi inaniambia nina vikapu tisa na nilipe laki tatu na elfu kumi na tano. Mimi nilitaka vitatu."

Naomba mnielewe kwa nini maneno yale yaliniuma. Mimi nauza vikapu. Vile vya nyasi za milulu vya huku kwetu Iringa, vinavyosukwa na kina mama wa Kihehe, ambavyo ukikinunua leo utakigombania na binti yako siku anaolewa. Nimevibeba kichwani, nimevitandaza kwenye maonyesho, nimevituma kwa basi hadi nikajuana na makonda. Halafu siku nimepata duka la mtandaoni, kitu pekee kilichoharibika dukani ni kikapu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Sifa za hiyo plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo, sitazieleza, ziko kwenye tangazo lao na zimepambwa kuliko bibi harusi. Duka langu linaendeshwa na WooCommerce, programu ya kuuzia vitu mtandaoni, juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kama maduka mengi madogo ya mtandaoni, na WooCommerce yenyewe ni ya bure, sina neno nayo. Niliyoilipia ni plagini ya kikapu cha pembeni: mteja akibonyeza "Weka kikapuni", kikapu kinachomoza kutoka upande wa kulia wa skrini kama droo ya kabati. Niliuziwa na kampuni ya hapahapa nchini, pamoja na nafasi kwenye seva yao, ile kompyuta inayotunza duka, na ahadi ya "huduma kwa wateja saa 24". Jina silitaji. Siyo kwamba nawaonea huruma, ni kwamba kesi siziwezi.

Saa 24 zikawa siku mbili. Siku ya tatu akanijibu kijana mmoja kwenye WhatsApp: "Habari dada, futa historia ya kivinjari chako kisha jaribu tena." Nikafuta. Nikamwambia mwenye tatizo si mimi, ni mteja aliyeko Mbeya. Akaandika: "Kwa upande wetu kinafanya kazi vizuri." Akanitumia na picha ya skrini: kikapu kimechomoza, namba moja inang'aa juu yake, kila kitu mahali pake.

Kilichonitia wazimu ni kwamba nilipofungua duka kwenye simu yangu, kweli kilikuwa kinafanya kazi. Naweka kikapu, naona moja. Naenda ukurasa mwingine, moja bado ipo. Nikaanza kumshuku mama wa watu. Mungu anisamehe.

Lakini nikapata na mwingine wa Dodoma, na mwingine wa Morogoro, wote wimbo uleule. Nikarudi kwa kijana na picha walizonitumia. Akazitazama, au labda hakuzitazama, akaniandikia maneno ambayo mpaka leo nimeyahifadhi: "Dada, kusema ukweli shida siyo kikapu. Shida ni simu za wateja wako. Waambie watumie simu nzuri."

Waambie watumie simu nzuri.

Hebu mfikirie mwenye duka Kariakoo anayemsimamisha mteja mlangoni, anamwambia akabadilishe viatu kwanza ndipo aingie. Wateja wangu ni walimu, ni manesi, ni kina mama wenye vibanda. Simu zao ni Itel na Tecno zenye ufa kwenye kioo, na ndizo wanazotumia kunitumia hela. Hela yao haina ufa. Siku ile kama plagini ingekuwa sahani ningeivunja. Nikaandika maoni ya nyota moja, marefu, yenye maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Bahati yangu umeme ukakatika kabla sijabonyeza "Tuma".

Nasema bahati kwa sababu kesho yake alifika mtoto wa dada yangu, yuko likizo, anasoma mambo ya kompyuta. Nikamsimulia nikiwa bado nafoka. Alinisikiliza, akanywa chai yake, akauliza swali moja: "Mama mdogo, wewe dukani kwako unaingia kama nani?"

Sikumwelewa. Akachukua simu yangu, akafungua dirisha la faragha, lile ambalo kivinjari kinasahau wewe ni nani, akaandika anwani ya duka. Akaweka kikapu kimoja, namba ikawa moja. Akahamia ukurasa wa mikeka. Sifuri. Mbele ya macho yangu. Nikashika kifua.

Akanieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyomwelewa. Ukurasa wa duka ni chakula. Kila mtu akifika, seva inatakiwa iwashe jiko impikie wake: bidhaa hizi, bei hizi, na kikapu chake kina vitu vingapi. Kupika kunachukua muda, kwa hiyo ili duka liwe na kasi, seva inapika mara moja, inahifadhi, na kila mgeni anayekuja anapakuliwa kile kile kilichopikwa zamani. Mafundi wanakiita kashe. Mimi nakiita kiporo. Kiporo cha ukurasa wa mikeka kilipikwa wakati kikapu cha yule aliyekuja mwanzo kikiwa kitupu, kwa hiyo kila anayekuja baadaye anaandikiwa sifuri, hata kama kwenye vitabu vya seva ana vikapu tisa. Vitu havijapotea. Vimeandikwa vizuri kabisa. Anachokiona ndicho cha jana.

Na hapa ndipo palipoficha kila kitu: aliyeingia kwa neno la siri, yaani mwenye duka, hapewi kiporo. Yeye anapikiwa cha moto kila mara. Mimi naishi nikiwa nimeingia kama mwenye duka. Na yule kijana wa huduma, ili aangalie tatizo langu, aliniomba neno la siri, nikampa, akaingia kwa akaunti ya usimamizi. Akapikiwa cha moto, akashiba, akaniambia "kwa upande wetu kinafanya kazi." Hakuwa anadanganya! Wiki nzima tulikuwa wawili tunaoingia dukani kwa mlango wa jikoni, tunashangaa wageni wa sebuleni wanalalamikia nini.

Tulijaribu pia ile plagini ya bure ya WordPress inayoitwa Health Check & Troubleshooting. Ni kifaa kizuri, nakisifu: unaweza kuzima plagini zote na kubadilisha mandhari ya tovuti kwa ajili ya macho yako tu, wateja wakiendelea kuona duka kama kawaida, halafu unawasha moja moja mpaka umshike mchawi. Kwa magomvi ya plagini na plagini, anzia hapo. Lakini kwetu ilitupotezea jioni nzima, kwa sababu lazima uwe umeingia kama msimamizi ndipo ifanye kazi. Cha moto tena. Kila tulichowasha kilionekana kizima.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoona haya kuisimulia.

Dogo akauliza kiporo kinatoka wapi. Kinatoka kwenye seva, na ile kampuni ilikuwa imeweka kanuni: ukurasa wa kikapu na ukurasa wa malipo visiwekwe kiporo kamwe. Hiyo ndiyo kanuni ya maduka yote. Hata maelekezo ya WooCommerce yanasema kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja ziachwe nje ya kashe. Wao walizitambua kwa anwani zake za Kiingereza, "cart" na "checkout". Na mimi, siku nilipokabidhiwa duka, nilikaa usiku mmoja kwa furaha nikabadilisha majina yote ya kurasa. Kikapu nikakiita "kikapu". Malipo nikayaita "malipo". Kanuni yao ikawa inalinda kurasa ambazo hazipo, na kurasa zangu zikawekwa kiporo kama nyingine. Ndiyo maana mteja wa Morogoro alibonyeza "Tazama kikapu" akaambiwa ni kitupu wakati ametoka kuweka vitu sasa hivi.

Nilikaa kimya. Kwa hiyo kosa ni langu? Nilifuta maoni ya nyota moja niliyokuwa nimeyahifadhi. Nikaanza hata kuandika ya kuomba radhi, nyota nne, "tatizo lilikuwa kwetu, wahudumu wana subira." Nilifika katikati ya sentensi hasira ikarudi kwa mlango mwingine. Kosa langu ni lipi hasa? Kuandika Kiswahili kwenye duka la Kiswahili, Tanzania, kwa wateja wa Mbeya? Wao ni Watanzania wanaowauzia Watanzania. Hakuna siku iliyowahi kupita akilini mwao kwamba mtu anaweza kukiita kikapu kikapu? Na kama haipiti, si waandike kwenye maelekezo, kwa herufi kubwa, usibadilishe majina haya? Nikafuta za radhi nazo.

Tukawaandikia, wakaongeza anwani zangu kwenye kanuni. Dakika tano. Haki yao, hapo walifanya upesi. Ukurasa wa kikapu ukapona.

Ila namba ya juu ikabaki sifuri palepale, na hapa ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimewaonea kabisa. Maana kurasa za bidhaa zinaruhusiwa kuwa kiporo, lazima ziwe, la sivyo duka litatambaa. Kinachotakiwa ni mtu wa kuja na kijiko cha mchuzi wa moto auweke juu ya kiporo: yaani skripti ndogo ambayo, ukurasa ukishafunguka kwenye simu ya mteja, inaiuliza seva kimyakimya, "huyu kikapu chake kina ngapi?" halafu inabadilisha ile namba tu. WooCommerce inayo skripti hiyo, na zamani ilikuwa inaipakia kila ukurasa. Kuanzia toleo la 7.8, la mwaka 2023, iliacha, kwa sababu ilikuwa inazichosha seva hata pale ambapo hakuna kikapu cha kuonyesha. Plagini inayoihitaji inatakiwa iiombe yenyewe. Dogo alifungua ile sehemu ya kivinjari ya mafundi, F12 kwenye kompyuta, akatazama orodha ya maombi yanayokwenda kwa seva, akatafuta moja lenye neno "fragments", ambalo limo kwenye jina la skripti ile. Halikuwepo. Plagini niliyoilipia haikuiomba. Imetengenezwa kwa mazoea ya zamani na hakuna aliyerudi kuitazama.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Nasema tena, mmoja. Aliuandika kijana wa likizo akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Tukamwaga viporo vyote, tukafungua dirisha la faragha, tukaweka, tukahama ukurasa, na moja ikabaki moja.

Kwa kiburi nikachukua simu ya msichana wa jirani, Itel ya bei ya chini kabisa, kioo kama utando wa buibui. Ikafanya kazi. Nikampigia picha na kumtumia yule kijana wa "simu nzuri". Akanijibu kidole gumba.

Nimtendee haki hata hivyo, alikuwa na robo ya ukweli. Wapo wateja wanaotumia Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana bando sana, ambapo ukurasa unashughulikiwa kwanza kwenye seva za kivinjari ndipo uletwe simuni ukiwa umekondeshwa. Hapo skripti hazina uhuru wake, na droo za kuchomoza haziendi zinavyotarajiwa. Hiyo ndiyo kazi kivinjari kile kilichoundiwa, na bando ni ghali, simlaumu mtu. Dawa ni kuacha kiungo cha kawaida cha kwenda ukurasa wa kikapu, bila droo, bila manjonjo. Angeniambia hivyo ningemwita mwanangu. Yeye akaniambia wakanunue simu.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe lilibaki la mwisho, na hili siwezi kuamua nicheke au nilie.

Tangu niweke plagini ile nilikuwa napata meseji nyingi za WhatsApp kutoka dukani, zote zinafanana: "Habari, naomba maelezo zaidi." Nilifurahi sana. Nikawa nawajibu kwa kirefu, vikapu vya milulu ni hivi, vinasukwa vile, rangi inatoka wapi. Wengi hawakujibu. Mmoja akajibu: "Dada, mimi nilikuwa nalipa."

Nina kile kitufe cha kijani cha WhatsApp kinachoelea chini kulia mwa skrini. Na droo ya kikapu ikichomoza, kitufe cha "Endelea kulipa" kiko chini kulia. Kwenye simu yenye skrini kubwa vinapishana. Kwenye simu ndogo kijani kinakaa juu ya malipo, kimekalia katikati, mtu akibonyeza alipe anafunguliwa WhatsApp yenye ujumbe ulioandikwa tayari. Meseji zile hazikuwa maswali. Walikuwa watu walioshika hela mkononi, nami nikiwapa historia ya milulu.

Dogo akanieleza kwamba kila kitu kinachoelea kwenye ukurasa kina namba ya ghorofa, na mwenye namba kubwa anakaa juu. Droo ilipewa 9999, kitufe cha WhatsApp kilipewa 999999. Watengenezaji wanashindana kuongeza tisa kama watoto wanaobishana baba wa nani ana hela nyingi. Sisi tuliamuru kitufe cha kijani kijifiche droo ikiwa wazi. Siku hiyohiyo tukaondoa na senti kwenye bei. Nilikuwa naonyesha "35,000.00", na zile sifuri mbili za mwisho zilikuwa zinasukuma jumla nje ya droo kwenye skrini nyembamba. Nani Tanzania analipa senti? Kwenye mipangilio ya sarafu kuna sehemu ya idadi ya tarakimu baada ya nukta, weka 0, imekwisha.

Je, hili la kitufe ni kosa la plagini ya kikapu? Kitufe cha kijani nilikiweka mimi, kingine kabisa, cha bure. Sijui niseme nini. Lakini kampuni ile ile iliyoniuzia droo ndiyo iliyonishauri niweke kitufe cha WhatsApp, na hakuna aliyewahi kufungua duka langu kwenye simu ndogo akajaribu kununua kikapu kimoja mpaka mwisho. Jaribio la dakika tatu. Halihitaji shule.

Sasa mnauliza, ninunue nisinunue? Plagini ikisharekebishwa ni nzuri, nalisema hili kwa shingo upande. Droo inavutia, wateja wameipenda, mauzo ya mwezi uliofuata yalinifanya nikalipe deni la milulu nililokuwa nalikwepa. Ukiwa na fundi wako nyumbani, mwenye njaa ya muhogo, chukua. Usipokuwa naye, mh. Na kabla hujamlaumu mtu, fungua dirisha la faragha kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote mtaani, ununue kitu chako mwenyewe mpaka hatua ya kulipa. Mimi ningefanya hivyo siku ya kwanza nisingemshuku mama wa Mbeya.

Nyota nimeweka mbili. Jana zilikuwa tatu, ila asubuhi nimepokea ujumbe wa kukumbushwa kulipia mwaka mwingine, na kwenye orodha ya maboresho ya toleo jipya nimeuona ule mstari wetu mmoja. Dogo alikuwa amewatumia. Wameandika "tumeboresha kasi ya kikapu". Hawakusema wameupata wapi. Nitalipia, kwa sababu kuhama ni kazi, na wao wanajua kuhama ni kazi.

Mama wa Mbeya alichukua sita badala ya vitatu, nikampunguzia. Nilimpigia nikamwambia duka limepona, aingie aagize mwenyewe aone. Akaguna. "Hicho kikapu chako cha kwenye simu sikitaki tena, mwanangu. Andika kwenye karatasi: sita. Hela natuma sasa hivi." Nikaandika kwenye karatasi. Vilipanda basi la asubuhi.